Namba ya kidoleni ni shahidi, si kadhi



Ndugu msomaji, katika miaka hii michache kimeingia majumbani mwetu chombo ambacho zamani kilionekana katika vyumba vya upasuaji na wodi za wagonjwa mahututi tu. Ni kile kibanio kidogo kinachobana ncha ya kidole, kikawaka taa nyekundu, na baada ya muda mfupi kikaonyesha namba mbili: moja ya kiwango cha oksijeni katika damu, nyingine ya mapigo ya moyo kwa dakika. Janga la korona ndilo lililokitawanya. Vijana walioko Muscat, Dubai na Uingereza waliwatumia wazazi wao, maduka ya dawa yakaanza kukiuza, na sasa hata saa za mkononi zinadai kuifanya kazi hiyo hiyo.

Kamati ya msikiti wetu nayo iliombwa inunue vipimo viwili vya namna hiyo, kimoja kikae ofisini na kimoja kwa kitengo cha akina mama, ili jirani mwenye mgonjwa apate kuazima. Katika kikao zilitoka rai mbili. Wengi waliona ni jambo la kheri lisilohitaji mjadala. Mzee mmoja, muuguzi mstaafu, akapinga. Hoja yake ilikuwa fupi: chombo cha hospitali kikikaa mtaani kitamzuia mgonjwa nyumbani siku ambayo alipaswa kupelekwa kwa daktari. "Mtu atahangaika kuvuta pumzi," akasema, "na wanawe watakaa wakitazama namba." Kwa kuwa mimi ni katibu, niliagizwa nikusanye maelezo kabla ya uamuzi. Niliyoyapata nayaweka hapa, kwa sababu swali hilo si la kamati yetu peke yake. Ni la kila nyumba yenye mzee, mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu.

Nianze na kauli ambayo makala yote itaitolea ushahidi. Namba ya kidoleni ni shahidi. Kadhi mwadilifu hamfukuzi shahidi aliyekuja kusema alichokiona, wala hamwachii kiti chake akatoe hukumu. Humhoji: ulisimama wapi, uliona nini, kulikuwa na mwanga kiasi gani? Tukimhoji shahidi wetu huyu kwa maswali hayo hayo, tutajua lini tumsadiki na lini tumshukuru kisha tumwache.

Shahidi huyu huona nini

Damu hubeba oksijeni ndani ya chembe zake nyekundu, katika dutu iitwayo himoglobini. Himoglobini iliyobeba oksijeni huwa na wekundu wa kung'aa. Ile iliyokwisha kuitoa huwa na wekundu ulioiva, unaokaribia rangi ya zambarau. Tofauti hiyo ya rangi ndiyo siri yote ya chombo hiki.

Upande mmoja wa kibanio mna taa mbili ndogo. Moja hutoa mwanga mwekundu, ambao urefu wa wimbi lake ni kama nanomita 660. Nyingine hutoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, wa nanomita 940 hivi. Upande wa pili kuna kihisio kinachoupokea mwanga uliopenya kidole. Himoglobini yenye oksijeni huuachia mwanga mwekundu upite na kunyonya zaidi ule wa infraredi, na isiyo na oksijeni hufanya kinyume chake. Kwa kulinganisha mianga hiyo miwili, chombo hukadiria ni sehemu gani ya himoglobini imebeba mzigo wake.

Lakini mwanga unapopita kidoleni haukutani na damu peke yake. Unapita katika ngozi, ukucha, nyama na mfupa. Chombo hujuaje kipi ni kipi? Jibu limo katika mapigo. Kila moyo unapodunda, damu mpya huingia katika mishipa ya ateri, kidole kikajaa kidogo, kisha kikapungua. Ngozi na mfupa havipandi wala kushuka. Chombo huacha yale yaliyotulia na kuhesabu yale yanayopanda na kushuka, na kwa njia hiyo hupata oksijeni na mapigo kwa mara moja.

Hapa pana jambo la kushikwa vyema, kwani yote yajayo yanalitegemea. Chombo hiki hakiigusi damu. Kinasoma mwanga na rangi. Kila kinachobadili rangi, kinachozuia mwanga au kinachodhoofisha mapigo ya kidoleni, humtia shahidi wetu ukungu machoni.

Ukiona vyaelea, vimeundwa

Elimu hii haikushuka kwa siku moja. Katika miaka ya 1940, Mmarekani Glenn Millikan alitengeneza kipimo cha kubana sikioni kwa ajili ya marubani wa vita, waliokuwa katika hatari ya kuzimia angani kwa kukosa oksijeni. Vipimo vya zama zile vilikuwa na usumbufu mkubwa. Vilihitaji kurekebishwa upya kwa kila mtu, na vilikuwa vigumu kutumiwa katika wodi ya kawaida.

Aliyelifungua fundo hilo ni mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akishughulikia jambo jingine, nalo ni kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa kufuatilia rangi iliyodungwa mshipani. Mapigo ya moyo yalikuwa yakimharibia mchoro wake. Akatafuta namna ya kuyafuta kwa kutumia mianga miwili, akaona kwamba oksijeni inapobadilika katika damu, mapigo hayafutiki tena. Akafahamu kwamba kero aliyokuwa akiikimbia ndiyo kipimo chenyewe. Mwaka 1974 aliitangaza kazi yake nchini Japani. Alifariki mwezi Aprili 2020, wakati dunia nzima ikihangaika kukitafuta chombo kilichotokana na fikra yake.

Pale ushahidi wake unapookoa

Mgonjwa aliyelazwa usingizi kwa ajili ya upasuaji hawezi kusema kwamba pumzi inamwishia. Kabla ya chombo hiki, mtoa usingizi alitegemea kutazama rangi ya midomo na ya damu yenyewe, na mara nyingi alichelewa kuona. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, liliweka ndani yake sharti kwamba kipimo cha oksijeni kiwe kimefungwa kwa mgonjwa na kinafanya kazi. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara, hapa kwetu Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vya waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Haki itendeke: orodha ilikuwa na mambo 19, na kipimo kilikuwa moja tu. Lakini kilikuwamo.

Kwa watoto, faida yake ni kubwa zaidi. Homa ya mapafu ingali miongoni mwa wauaji wakuu wa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto aweza kuwa na oksijeni ya chini bila mama kuona weupe au ubuluu wowote midomoni, hasa kwa watoto wenye ngozi nyeusi kama wetu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani humhesabu mtoto ambaye kipimo chake kiko chini ya asilimia 90 kuwa anahitaji oksijeni na matibabu ya hospitali. Nasi sote tunakumbuka wakati wa korona: walikuwapo wagonjwa waliokaa wakizungumza, ilhali oksijeni yao imeshuka kupita kiasi. Kwa watu hao, kibanio kiliona kile ambacho jicho halikukiona.

Basi shahidi huyu anapoleta habari mbaya, na mambo ya kupotosha nitakayoyataja yameondolewa, asikilizwe na mgonjwa apelekwe upesi. Shida yetu iko kwenye habari njema.

Pale habari njema zinapodanganya

La kwanza ni *baridi na mtikisiko*. Mkono wa baridi hubana mishipa midogo, na mapigo ya kidoleni hufifia. Mzee aliyetoka kutawadha alfajiri kwa maji ya baridi akapimwa papo hapo, namba yake yaweza kuwa ya chini pasipo ugonjwa, au isitokee kabisa. Hali kadhalika mtoto anayelia na kurusha mikono. Asubiriwe, apashwe joto, atulizwe, ndipo apimwe. Lakini ikiwa mikono ni ya baridi na mgonjwa mwenyewe amelegea, ametokwa na damu nyingi au ameharisha sana, baridi hiyo yenyewe ni dalili mbaya. Hapo kisisubiriwe kipimo chochote.

La pili ni *mapambo*. Rangi ya kucha, hasa nyeusi, buluu na ya kijani, huingilia kati ya taa na kihisio. Kadhalika piko iliyokolea katika ncha za vidole yaweza kuzuia mwanga. Hina nyekundu haina taabu kubwa kiasi hicho, lakini ni busara kuchagua kidole kisichopakwa. Biharusi au mama aliyetoka kwenye harusi akiugua, aelezwe muuguzi mapema kwamba vidole vyake vina piko, ili atafute kidole cha mguu kilicho safi au kipimo cha ndewe ya sikio. Wengi hawasemi, na muuguzi huenda akadhani ni giza la taa ya wodi.

La tatu linatuhusu sisi kuliko wengine: *rangi ya ngozi*. Mwezi Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha matokeo yao katika jarida la New England Journal of Medicine. Waliwatazama wagonjwa ambao kibanio kiliwaonyesha oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, yaani namba isiyotisha, kisha wakalinganisha na damu iliyochotwa kwenye ateri na kupimwa maabara. Miongoni mwa wagonjwa Weusi, asilimia 11.7 damu yao ilikuwa kwa hakika chini ya asilimia 88. Miongoni mwa Weupe walikuwa asilimia 3.6. Maana yake ni kwamba kwa mwenye ngozi nyeusi, chombo kilificha hatari mara tatu zaidi. Weusi wa ngozi hunyonya sehemu ya mwanga, na vyombo vingi vilirekebishwa kwa kupimia watu ambao wengi wao walikuwa na ngozi nyeupe. Mwezi Februari 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari, ikaeleza pia kwamba hata katika hali ya kawaida namba ya 90 yaweza kusimama badala ya ukweli wowote ulio kati ya 86 na 94. Msomaji apime mwenyewe: katika nyumba zetu, namba ya 93 si ya kupongezana.

La nne ni *moshi wa mkaa*, na hili naomba lisomwe kwa sauti mbele ya familia. Jiko la mkaa likiachwa ndani ya chumba kilichofungwa, kama wafanyavyo wengine msimu wa baridi au mama aliyejifungua anapokandwa, hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Gesi hiyo huishika himoglobini kwa nguvu nyingi kuliko oksijeni, na damu ikabaki nyekundu ya kung'aa. Kibanio kinachosoma rangi kitaona wekundu huo na kusema 98, ilhali mtu anakufa. Wakikutwa watu katika chumba cha namna hiyo wakiwa na kichwa kinachouma, kichefuchefu, usingizi mzito au kuchanganyikiwa, watolewe nje kwenye hewa na wakimbizwe hospitali. Kibanio kiachwe mfukoni.

La tano ni *upungufu wa damu*. Namba inayoonyeshwa ni asilimia ya himoglobini iliyobeba oksijeni. Haisemi himoglobini yenyewe ni kiasi gani. Ni kama mtu anayekwambia kwamba daladala zote za njia fulani zimejaa abiria. Amesema kweli, lakini hakukwambia kwamba daladala zilizobaki njiani ni tano na mji ulihitaji thelathini. Mjamzito mwenye upungufu mkubwa wa damu au mtoto aliyetoka kwenye malaria kali aweza kuonyesha 99 huku mwili wake hauna cha kutosha. Mgonjwa wa selimundu naye namba zake zataka tafsiri ya daktari anayemjua.

Na la sita ndilo alilolisema yule mzee wetu. Chombo hupima oksijeni. *Jasho la kuitafuta hakilipimi*. Katika mtaa wa jirani alikuwapo kijana wa pumu aliyebanwa kifua usiku. Kaka yake akamvisha kibanio, kikasoma 96. Wakaamua kungoja asubuhi. Mkewe hakuridhika. Aliona mabega yanapanda, nyama za kati ya mbavu zinazama kila pumzi, na mumewe hawezi kumaliza sentensi moja bila kukatika. Akaita gari bila kuomba ushauri zaidi. Daktari aliyempokea aliwaeleza kwamba mwili ulikuwa ukiishikilia ile 96 kwa nguvu zake zote, na nguvu hizo zina mwisho. Zikiisha, namba haishuki ngazi moja moja, huporomoka. Yule mke hakuwa na chombo. Alikuwa na macho, akayasadiki.

Na moyo, je?

Namba ya pili ni ya mapigo. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya mapigo 60 na 100 kwa dakika. Wanamichezo huwa chini ya hapo, na homa, woga au kahawa hupandisha. Namba hiyo kila mtu aweza kuipata bila kununua kitu: vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, na saa ya ukutani.

Lililo kubwa zaidi ya wingi wa mapigo ni mpangilio wake. Kuna ugonjwa ambao vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kudunda, mapigo yakaja ovyo, damu ikatuama na kuganda, na bonge likasafiri hadi ubongoni na kuleta kiharusi. Saa za mkononi hujaribu kuukamata ugonjwa huo kwa mwanga wa kijani unaoakisiwa kutoka kwenye ngozi ya kifundo. Utafiti uliofanywa Marekani kwa saa za Apple, ukachapishwa mwaka 2019, uliwahusisha watu zaidi ya 419,000. Waliopewa taarifa ya mapigo yasiyo na mpangilio walikuwa asilimia 0.52 tu. Miongoni mwao, wale waliovaa kipimo cha umeme wa moyo na kukirejesha, asilimia 34 walionekana wana ugonjwa huo katika siku za kipimo hicho.

Funzo lake ni lile lile. Saa ikikuonya, nenda ukapimwe umeme wa moyo. Saa ikinyamaza, ukimya wake si hati ya afya. Mtu aliyebanwa kifua, maumivu yakienda begani au tayani, jasho jembamba likimtoka, asivishwe kitu kidoleni. Apelekwe. Mshituko wa moyo waweza kutokea huku oksijeni ikisoma 98 na mapigo 80. Na wala kibanio hakipimi shinikizo la damu, ambalo huua wazee wetu wengi kimyakimya. Hilo lina kipimo chake cha kufunga mkononi, na hakuna namba ya kidoleni inayokaimu nafasi yake.

Namna ya kumhoji shahidi

Mgonjwa akae ametulia kwa dakika tano. Mkono uwe wa joto, umepumzishwa juu ya meza au kifuani, usitikisike. Kidole cha shahada au cha kati kisicho na rangi wala piko kiingizwe mpaka mwisho wa kibanio. Asiangalie namba ya kwanza. Asubiri mpaka itulie, kama dakika moja. Kisha iandikwe pamoja na tarehe na saa. Daftari ni bora kuliko kumbukumbu, kwa kuwa daktari atataka kujua mwelekeo. Mtu ambaye siku zote husoma 98 na leo anasoma 93 amebadilika, hata kama 93 haitishi kwa mwingine.

Mtu mzima mwenye afya husoma 95 hadi 100. Walioko nyanda za juu huweza kusoma chini kidogo, kwa kuwa hewa yao ni nyembamba. Akisoma 93 au 94 kwa kurudia, aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Akisoma 92 au chini yake, asilale nyumbani. Chini ya 90 ni dharura. Wenye maradhi ya mapafu ya muda mrefu hufuata kiwango walichopewa na daktari wao.

Kwa watoto wadogo, kibanio cha mtu mzima hakifai. Kidole ni chembamba na mwanga hupita pembeni. Mama ahesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni pumzi za haraka zinazohitaji kituo cha afya. Sehemu ya chini ya kifua ikizama ndani kila anapovuta, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke, hapana cha kuhesabu tena.

Uamuzi uliofikiwa

Kamati ilipoyasikia haya, rai ya mzee haikushinda wala haikushindwa. Iligeuzwa kuwa masharti. Aliulizwa angeridhika na nini, akajibu kwamba kinachowachelewesha watu mtaani kwetu mara nyingi si kukosa kipimo. Ni kukosa nauli usiku wa manane. Namba nzuri huja kama udhuru mwema wa kutotafuta fedha za gari. Hilo hakuna aliyelikanusha.

Basi kimenunuliwa kipimo kimoja badala ya viwili, nacho kimekabidhiwa kitengo cha akina mama, kwa kuwa wao ndio wanaokesha na wagonjwa. Fedha ya kile cha pili imewekwa kuwa akiba ya nauli ya dharura, pamoja na namba za simu za madereva wawili wa mtaani waliokubali kuamshwa saa yoyote. Kila atakayeazima atapewa karatasi yenye maneno haya, ambayo msomaji anaruhusiwa kuyakata na kuyabandika ukutani kwake:

1. Tazama mgonjwa kwanza, kisha namba.
2. Namba mbaya: pasha mkono joto, badili kidole, pima tena mara moja. Ikibaki mbaya, ondoka.
3. Namba nzuri na mgonjwa mbaya: mfuate mgonjwa, achana na namba.
4. Palipowaka mkaa ndani, kipimo hiki hakina neno.
5. Maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande, mkono kupooza, kuchanganyikiwa: usipime, nenda.
6. Nauli ikikosekana, piga simu kamati. Usingoje asubuhi.

Atakayeusoma kwa makini mpangilio huo ataona kwamba chombo kimepewa ruhusa moja tu. Kina ruhusa ya kutuambia "nendeni." Hakikupewa ruhusa ya kutuambia "bakini." Mzee wetu alipoisoma karatasi aliomba sharti la tatu liandikwe kwa herufi kubwa, kisha akatia saini yake ya kukubali.

Wabillahi tawfiq.